Jinsi ya Kuupeleka Ukoo Mzima Kigoma na Kurudi Ukiwa Shujaa

Sogea karibu nikupe siri. Safari ya vizazi vitatu haiharibiwi na mvua wala nauli. Inaharibika kwa sababu kila mtu anataka aonekane ndiye anayejua. Babu anataka asikilizwe, shangazi anataka kuongoza, vijana wanataka picha, na mtoto wa darasa la nne anataka kumshinda kaka yake. Usipigane na tamaa hizo. Zigawie kazi. Kigoma na Ujiji panafaa kuliko kwingine kote, maana Ziwa Tanganyika lina cha kumpa kila mmoja wao, nawe utasifiwa hata kwa mambo ambayo hukuyafanya.

Hatua ya 1: Mpe babu uamuzi ulioamuliwa

Panga kila kitu kimyakimya, kisha umwendee babu kwa adabu: "Shikamoo babu, tumeshindwa kuchagua tarehe, tunakutegemea wewe." Mpe tarehe tatu. Moja iangukie masika, ya pili iangukie mitihani ya wajukuu, na ya tatu iwe ile uliyokwisha kuikatia tiketi. Atachagua vizuri. Kuanzia hapo safari ni yake, na hakuna atakayethubutu kuilalamikia. Hiyo tarehe ya tatu iwe siku za giza, mwezi usipoonekana. Sababu utaiona kwenye Hatua ya 6.

Hatua ya 2: Pandeni treni, na chaji isahaulike

Ndege ni ya haraka, ndiyo maana haifai. Treni ya reli ya zamani hutembea takriban kilomita 1,250 kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, karibu siku mbili ikiwa njia imekubali. Ndani ya behewa hakuna pa kukimbilia. Acha betri za akiba nyumbani "kwa bahati mbaya". Simu zikizimika, bibi atafungua kapu la chakula, na hadithi zitatoka zenyewe.

Atakayelalamikia mwendo, mkumbushe Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta mmisionari Livingstone. Aliondoka Bagamoyo Machi 1871, akafika Ujiji Novemba, kwa miguu, pamoja na wapagazi waliobeba mizigo vichwani. Reli yenyewe ilifika Kigoma mwaka 1914. Ukishayasema hayo, nunua asali mkifika Tabora, ugawe. Midomo iliyojaa hainung'uniki.

Hatua ya 3: Kosea kwa makusudi

Mkifika Ujiji, kwenye miembe ya kumbukumbu, simama mbele ya wote useme kwa sauti: "Hapa ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1872." Kisha nyamaza. Babu atakohoa, atarekebisha fimbo yake, na atakusahihisha: 1871! Umempa zawadi kubwa kuliko shuka la kitenge. Mjukuu akiuliza siku kamili, jibu kwamba Stanley aliandika 10 Novemba, lakini wanahistoria wanabishana, kwa kuwa Livingstone mwenyewe alikuwa amepoteza hesabu ya tarehe. Hapo hakuna wa kukushinda, na hakuna wa kushindwa.

Kila mtoto mpe nambari moja ya kulinda, na usimpe mwenzake. Mmoja awe na 1,470, ambazo ni mita za kina cha ziwa, la pili duniani kwa kina baada ya Baikal la Urusi. Mwingine awe na 4, idadi ya nchi zinazolichangia: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Kijana mkubwa anayejiona mwanamapinduzi mpe 1965, mwaka Che Guevara alipovuka ziwa hili usiku akitoka Kongo baada ya vita kumshinda, akaingia Kigoma. Atakuwa na la kusema mpaka Desemba.

Jambo moja tu usilichakachue. Usiwaache watoto waondoke wakidhani Ujiji ni mahali ambapo wazungu wawili walisalimiana. Hapa ndipo ilipoishia njia ya misafara kutoka pwani, na watu waliotekwa ng'ambo ya ziwa walipitishwa hapa kwa minyororo pamoja na pembe za ndovu. Watajie watumishi wa Livingstone: Susi, aliyekimbia kumpokea Stanley, na Chuma. Livingstone alipofariki mwaka 1873, katika nchi inayoitwa Zambia leo, hao wawili na wenzao waliukausha mwili wake wakaubeba kwa miezi mingi mpaka Bagamoyo. Hadithi hii simulia taratibu, wala usimwachie mtu akukatize kwa picha.

Hatua ya 4: Mafua ya heshima

Gombe hakuna barabara, mnakwenda kwa boti. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alifika huko mwaka 1960 akiwa kijana, na mwaka 1968 pakawa hifadhi ya taifa. Vijana watataka kupanda milima wakiwafuata sokwe. Magoti ya shangazi hayatataka, ila hatakubali kusema. Mnong'oneze kanuni halisi ya hifadhi: mwenye mafua hasogezwi karibu na sokwe, kwa sababu wanaambukizwa maradhi yetu. Shangazi atapiga chafya moja, atasikitika mbele ya watu, na atabaki kivulini kwa hiari, kwa ajili ya uhifadhi.

Hatua ya 5: Kila ukoo una mjomba wa injini

Mpe Liemba. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa mpaka Kigoma na kuunganishwa upya. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isitekwe, lakini kabla ya hapo mafundi waliipaka injini grisi nzito. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Mwambie mjomba habari ya grisi tu, halafu kaa pembeni. Usijenge ratiba juu ya kuipanda.

Hatua ya 6: Usiku wa giza

Sasa ile siri ya mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa hazifui dafu. Kwa hiyo siku za giza ndizo za kazi. Waketishe wote ufukweni baada ya chakula, migebuka ya kuchoma ikiwa imeliwa mpaka vichwa. Taa zitaanza kuwaka majini, moja, tatu, kisha mstari mzima. Hakuna kiingilio, hakuna kupanda, hakuna kupanga foleni. Bibi aliye kwenye kiti na mtoto aliye mchangani wanaona kitu kilekile. Wakikuuliza ulijuaje, sema babu ndiye aliyechagua tarehe.

Hatua ya 7: Rudi na ushahidi

Asubuhi nenda Kibirizi au Katonga, dagaa wanapoanikwa. Shika kiganjani: wawe wakavu, wang'ae kama fedha, wasiwe na mchanga. Nunua maradufu ya mahitaji, maana jirani hatauliza mmetembea wapi, ataonja. Chukua na mawese, ufunge mfuniko wa dumu kwa utepe, na ulisimamishe wima mbali na begi la shangazi.