Kunguru wa Luka na Kunguru wa Ngamiani

Jumapili ya pili ya Januari mchungaji alifungua Luka sura ya 12, akatuambia tujifunze kwa kunguru. Hana shamba wala stoo, akasema, lakini nani kati yenu amewahi kumwona kunguru aliyekonda? Mke wangu akanitazama kwa pembe ya jicho. Anajua ni nani anayewalisha kunguru wa Ngamiani, hapa kwetu Tanga. Ni mimi.

Siku nne kabla ya hapo nilinunua vibua vya shilingi 3,000. Mke wangu akaviparua uani, akaingia ndani kufuata chumvi. Alipotoka alikuta kichwa kimoja. Mwizi yuko juu ya bati, ametulia kama mtu aliyekwisha kusali sala ya chakula.

Na huyu mweusi si wa kwetu. Wa kwetu ana kifua cheupe na haya kidogo. Huyu aliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi miaka ya 1890, Waingereza wakitaka awasafishie takataka. Akaenea pwani yote, akagundua kuwa mwenye vibua hahitaji takataka. Kunguru wa Eliya alileta mkate na nyama asubuhi na jioni. Wangu huja saa hizo hizo, ila kuchukua.

Mimi ni fundi baiskeli. Watu wakisikia Tanga ni mji wa baiskeli wanadhani mafundi tunajenga ghorofa. Wangeuliza bodaboda kwanza. Januari ndiyo usiseme: mwenye pancha anaikokota baiskeli yake hadi nyumbani, maana pesa ya kiraka imeshanunua madaftari. Nikilalamika, naambiwa Mungu atafanya njia. Wa kwanza kuniambia hivyo ana deni langu la tairi tangu Novemba.

Mzee mmoja wa kanisa alikuja kunifariji kwa historia. Mwaka 1893, akasema, Dk. Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe, Pangani. "Kwa miche 62, fundi, Mungu akaujaza mkoa mzima!" Nikamwambia najua, marehemu baba aliukata mkonge huo. Mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000 za katani, na nyumbani kwetu tulikula mlo mmoja. Mzee akasema nina roho ya manung'uniko. Sikubisha.

Sasa nije kwenye mnada. Kwa wasomaji wasio Walutheri: asiye na fedha huleta alichonacho, ndizi, mayai, muwa, na baada ya ibada vinanadiwa nje. Jumapili hiyo hiyo ya kunguru, akanyanyuliwa kuku. Mtetea. Mguuni ana kipande cha tyubu nyekundu. Tyubu hiyo niliifunga mimi, kwa mkono wangu, asije akapotelea kwa jirani. Mke wangu, kwa imani na bila kuniambia, alikuwa amemtoa sadaka kuku wetu wa pekee anayetaga.

Mnadi akaanza na 5,000. Bwana mmoja mwenye gari akasema 10,000. Mkono wangu uliinuka lini, sijui. Tukapandishana, vigelegele vikilia, mpaka nikamshinda kwa 25,000. Nimemnunua kuku wangu mwenyewe! Tena kwa mkopo: mhasibu wa usharika akaliandika jina langu kwenye daftari, kwa mwandiko mzuri sana.

"Umeona, baba," mke wangu akaniambia njiani, kamkumbatia kuku. "Bwana katurudishia."

Alhamisi jiko halikuwashwa. Magharibi ikaingia, watoto wakaanza kuulizana maswali ya mafumbo kuhusu chakula. Mara hodi. Bibi jirani, Mdigo, swala tano, kashika sahani ya muhogo wa nazi imefunikwa kawa. "Shika, mwanangu. Leo nimepika mwingi, utaharibika."

Hakupika mwingi. Sufuria yake naijua, mkono wake niliutengeneza mimi kwa spoku. Lakini muhogo ulikuwa umekolea tui, kukiwa na kipande cha papa mkavu, na kwa muda wa dakika kumi hivi sikulalamikia kitu.

Halafu nikaiona sahani. Sahani ya jirani hairudi tupu, mtoto yeyote wa pwani anajua. Tutaweka nini? Mke wangu akasema Mungu atatupa cha kuweka. Nikamwambia asinianze. Akaenda bandani, akarudi na mayai matatu. Kuku wa 25,000 alikuwa ametaga.

Mayai hayo nilikuwa nimeshayapigia hesabu ya dukani. Asubuhi nikayapeleka kwa bibi, nimeyafunika kwa viganja viwili, kunguru akinisindikiza bati kwa bati mpaka mlangoni.

Jumamosi yule wa Novemba akanilipa 4,000, si zote. Nikazipeleka kanisani, zimebaki 21,000. Mhasibu, ukisoma hapa, subira kidogo, nitalipa. Na siku ukimwona mama watoto anaingia langoni na kikapu kinachotikisika, nakuomba umrudishe nyumbani.