Jinsi ya Kulipaka Gitaa Mafuta na Kubaki na Majirani

Kwanza chagua mwezi. Kuanzia Novemba mpaka Machi mvua inanyesha, mbao zinavimba na mafuta yanakataa kukauka. Julai mbao ni kavu kabisa, ila vumbi jekundu la Lubumbashi halijawahi kuona kitu kibichi likakipita. Zinabaki wiki chache za Mei, mvua imekata na upepo haujaamka. Wiki hizo harusi zinaanza, na gitaa linatakiwa kazini. Kwa hiyo utapaka Julai, kama sisi wote.

Tuseme gitaa lako ni la mti wa mukula, kipande kilichokosa nafasi kwenye kontena la China. Piga msasa namba 120, halafu 180, 240, 320, ukifuata mshipa wa mti. Futa kwa kitambaa chenye unyevu ili nyuzi za mbao zisimame, acha zikauke, uzinyoe tena. Utatoka hapo mwekundu mpaka kope, maana mukula una rangi kama damu. Uso wa gitaa ukiwa wa mbao nyeupe, usiuguse kwa kitambaa hicho hicho, labda unataka gitaa lenye surua.

Sasa mafuta. Mama wa jirani atakuletea mawese. Pokea kwa mikono miwili, shukuru, upikie sombe. Mawese hayakauki, hata ukiyangoja mpaka mjukuu wako aoe. Unayotaka ni mafuta ya kitani, ambayo hunywa hewa na kugeuka ngozi ngumu. Mabichi hufanya hivyo polepole mno, ndiyo maana yale ya kopo hutiwa dawa ya kuyaharakisha, na dawa hiyo kwa desturi ni chumvi ya kobalti. Ndiyo, kobalti ile ile. Inatoka Kolwezi kwa malori, inapita hapa mjini ikitutimulia vumbi, inavuka mpaka wa Kasumbalesa, inazunguka dunia, kisha unauziwa chembe zake ndani ya kopo dogo kwa bei ya kuku wawili. Usiulize. Paka.

Mimina kidogo, sugua kwa kiganja mpaka mbao ipate joto. Ngoja robo saa. Halafu futa yote. Nimesema yote. Hapa ndipo watu wa pupa tunapoangukia: tunaacha tabaka nene ling'ae, na baada ya wiki mbili linanata kama uji uliolala. Gitaa langu, karibu na tundu la sauti, lina alama ya dole gumba langu na mguu mmoja wa mbu. Mbu mwenyewe aliondoka.

Rudia kesho, na keshokutwa, mara tano au sita. Kazi ngumu ni kumzuia mdogo wako. Atasema, "Yaya, nigonge kamoja tu." Mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, alitumia gumba na kidole cha shahada tu. Mdogo wako atatumia vyote vitano, kiwiko, na mkate wenye siagi.

Vitambaa vilivyolowa mafuta vitandaze uani, kimoja kimoja. Hapa sitanii: vikirundikwa hujipasha moto vyenyewe na kuwaka bila kiberiti. Ukivitupa jikoni kando ya gunia la makala, majirani watakuja wote, na safari hii si kwa kuleta mawese.

Kazi hii ikikushinda, tafuta wapiga karindula. Chombo chao kina nyuzi nne, ngozi ya mbuzi, na mwili wa pipa kuukuu unaozidi kiti kwa ukubwa. Msasa hawaujui. Na pipa lilishapata mafuta yake zamani, kwa ndani, lita 200.