Injinia wa Vitofali

Hongera, mzazi. Mwanao kamchezesha yule paka wa Scratch, programu ya kuwafundisha watoto kuandika programu, iliyotoka chuo cha MIT mwaka 2007, nawe umeshamtangaza injinia kwa ukoo mzima. Kule amri ni vitofali vya rangi; visivyooana havishikani, na maandishi yake yanasomeka hata kwa Kiswahili. Paka hana neno, anadekeza kama bibi.

Sasa mfungulie Python, lugha ya programu ambayo amri zake huandikwa kwa mkono, herufi kwa herufi. Akisahau nukta mbili mwishoni mwa mstari wa “if”, au nafasi moja ikizidi mwanzoni, programu nzima inagoma, tena inamsuta kwa Kiingereza. Mtoto analia, wewe unalaumu kompyuta. Si ulisema injinia? Basi vaa miwani, mkae wote mtafute hiyo nukta. Au uinjinia wenyewe ulikuwa wa kutambia harusini?