Ukitaka Kutunga Muziki wa Msitu, Anzia Jikoni

Chukua kile kipimajoto cha kuchomeka kwenye nyama ya kuoka. Tafuta na kadi ya siku ya kuzaliwa, zile zinazoimba ukizifungua, uipasue bila huruma: ndani mna kisahani chembamba cha piezo. Kisahani hicho hugeuza umeme kuwa sauti, na ukikibadilishia kazi, hugeuza mtikisiko kuwa umeme. Kilehemu kwenye kipimajoto, uunganishe na kinasa sauti. Tayari una sikio la kuingia ndani ya mti.

Sikutanii. Kwa vifaa vya namna hiyo, mtunzi wa Marekani David Dunn alisikiliza misonobari ya pinyon huko New Mexico. Chini ya magome alimkuta Ips confusus, mbawakawa asiyefikia punje ya mchele, akitafuna na kukwaruza, maana wadudu hawa huitana kwa kusugua viungo vya miili yao. Nje ya gome husikii kitu. Ndani ni sokoni.

Ukifika mezani kuhariri rekodi, usiongeze ngoma wala kinanda. Dunn alishona rekodi za miti mingi zikawa kazi moja ya karibu saa nzima, The Sound of Light in Trees, iliyotoka mwaka 2006. Mkono ukikuwasha kutia mwangwi, ukalie. Sauti hizi zinajitosheleza, na naamini ni katika kazi nzuri kabisa za muziki wa elektroakustika.

Lakini ujue unachorekodi. Mti wenye maji ya kutosha humzamisha mdudu kwa utomvu na kumsukuma nje. Mti wenye kiu hauna cha kumsukumia. Ukame wa 2002 na 2003 uliwafungulia wadudu hawa mlango, na mamilioni ya pinyon yakafa. Ndiyo maana Dunn hakuishia kwenye muziki. Alishirikiana na Richard Hofstetter, mtaalamu wa wadudu wa Northern Arizona University, kuwarudishia mbawakawa wa magome sauti zao wenyewe zikiwa zimebadilishwa, na mwenendo wao ukavurugika.

Basi usiahirishe. Mti ukishakauka kabisa hutasikia kitu humo: wadudu wameshahamia mti wa jirani.