Bahari ya Bure Haina Utamu

Namtetea mgeni anayefika Mombasa akakataa katakata kupanda feri ya Likoni. Ana haki. Kitu gani cha maana hutolewa bure? Abiria wa miguu halipi hata senti. Anasimama ukingoni, upepo wa mkondo wa Kilindini unampiga usoni, na meli ya makontena inakatiza mbele yake kuelekea bandarini, kubwa kama mtaa mzima uliong'oa nanga. Feri inaisubiri ipite, kwa adabu zote. Mandhari ya namna hiyo, bila risiti, utamwonyesha nani?

Heri mashua ya kitalii ya jioni. Maji ni yaleyale, jua ni lilelile, lakini hapa umelipa kwa dola, kwa hiyo jua hutua kwa bidii zaidi. Unapewa na glasi yenye kimwavuli, kitu ambacho feri, kwa uzembe wake, haijawahi kugawa. Tena unaepushwa na fedheha ya kubanana bega kwa bega na wenyeji, watu ambao, kwa bahati mbaya, wamejaa mjini humo bila kuagizwa na hoteli yoyote.

Wenyewe huvuka wameinamia simu. Tuwasamehe, hakuna aliyewauzia.