Amani kwa Spika Nne

Nyumba yangu iko Jericho, Nairobi, na mtaa unaofuata ni Jerusalem. Aliyetupa majina hayo alisoma Biblia bila kutazama ramani, maana mtu hununua sukuma wiki Jerusalem akaifikisha Jericho kabla haijanyauka. Ule mfano wa Luka 10, wa msafiri aliyeshuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko akaangukia mikononi mwa wanyang'anyi, kwingine ni mafundisho. Kwetu Eastlands, ukikatiza saa 5 usiku na simu mkononi, ni taarifa ya kuandikisha kituoni.

Kwa hiyo amani tunaihitaji. Kuna kodi, kuna karo, kuna tokeni ya stima inayokaribia kuisha na kulia jikoni kama kifaranga. Kuna mkopo wa simu uliochukuliwa ili kulipa mkopo mwingine wa simu, na yule kijana wa mikopo anayempigia shemeji yako kumjulisha kwamba wewe ni mdeni sugu.

Mchungaji wa kanisa la mabati nyuma ya nyumba yangu ameiona shida hiyo. Kila Ijumaa ana kesha, na mada haibadiliki: utulivu wa moyo. Inahubiriwa kwa spika nne ambazo, kwa ufunuo alioupata peke yake, zimeelekezwa kwenye dirisha la chumba changu cha kulala. Saa 8 usiku anaunguruma: "Mwambie jirani yako, tulia!" Jirani mwenyewe ni mimi, na nilikuwa nimetulia.

Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinaruhusu mahali pa ibada desibeli 35 usiku. Huo ni mnong'ono. Mchungaji wetu akijisafisha koo tu, sheria imevunjika na kinanda bado hakijaguswa. Nilipeleka malalamiko kwa mwenyekiti wetu wa Nyumba Kumi. Ndiye mpiga kinanda.

Ngoma yenyewe sina ugomvi nayo. Waumini wa African Israel Nineveh, kanisa aliloanzisha Zakayo Kivuli kule Magharibi mwa Kenya mwaka 1942, wakipita barabarani Jumapili na mavazi yao meupe, bendera zikipepea, mimi hutoka mlangoni nikapiga makofi. Ni mchana, tena wanapita. Wahenga walisema ngoma ikivuma sana hupasuka, nami nimengoja miaka. Spika hazipasuki, huongezwa. Katika kitabu cha Yoshua kuta za Yeriko zilianguka siku ya saba. Hizi zetu zimesimama imara, ila rangi ndiyo inabambuka.

Ile habari ya Marko 4, ya Yesu kulala shetrini mwa chombo, kichwa kwenye mto, dhoruba ikivuma, siku hizi naisoma kwa wivu. Dhoruba ile haikuwa na maikrofoni.

Sasa, mke wangu ni Mkatoliki, na zamu ya kuipokea jumuiya yake ya sala ikafika kwetu. Jumuiya hizi ndogondogo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele mwaka 1976, na nadhani walijua kwamba sebule zetu hazina nafasi ya spika. Wakaja akina mama na mzee mmoja mstaafu wa reli, wakajibana kwenye makochi. Wakasoma injili ya Jumapili. Kisha wakanyamaza. Nikadhani kuna aliyesahau sehemu yake.

Halafu mama muuza mboga akasema, kwa sauti ya kuulizia bei, kwamba kodi ya miezi miwili imemshinda na usiku halali. Nikajikaza, nikingoja atangaziwe kwamba mlango wake unafunguka leo, leo, leo. Hakuna aliyetangaza. Mzee wa reli akamuuliza ni pesa ngapi. Akataja. Mzee akavua kofia, akatia noti, akaisukuma kwa jirani yake, na rozari ikaanza, polepole, sauti zikipokezana.

Sikumbuki fumbo la tatu. Nililala, usingizi ambao sijaupata tangu spika ya kwanza iletwe na mkokoteni. Mke wangu anadai nilikoroma kuzidi desibeli 35, na kwamba watu wazima walikuwa wakinitazama.

Mama mwenyekiti wa jumuiya ndiye aliyenigusa bega. "Pumzika tu, Baba," alisema. "Lakini kofia bado haijafika kwako."