Wati 12,000 Chumba cha Mbele

Mpangaji mwenzangu wa chumba cha mbele ana sabufa iliyobandikwa stika ya rangi ya dhahabu: 12,000W PMPO. Stika anaipenda kuliko sabufa yenyewe. Mpaka leo hajaitoa nailoni. Mimi kila nikipita nasimama kidogo. Plagi ya sabufa hiyo ina fyuzi ya ampea 13, na umeme wetu ni volti 230. Zidisha, unapata 2,990. Yaani plagi nzima, hata ikijitahidi mpaka inanuka, haikusudiwi kupitisha hata wati 3,000. Hizo 9,000 zilizobaki anazipata wapi, kwa mganga?

Nilimwomba aigeuze. Nyuma, pale waya unapoingilia, kuna maandishi ya ukubwa wa sisimizi: 45W. Akaniangalia kwa huruma. "Hizo za nyuma ni za umeme, kaka. Za mbele ndizo za mziki."

Huo ndio ugomvi wangu na vifaa vya umeme. Kila kifaa kina namba mbili: ya mbele, kubwa, inayopiga kelele, na ya nyuma, ndogo, inayosema kweli. Mimi ni mtu wa nyuma. Nikishika chaja, kabla sijauliza bei nishaigeuza. Tabia hii imenigombanisha na watu wengi, na kwa bahati mbaya wengi wao tunachangia choo.

Sabufa hiyohiyo ina Bluetooth, na hapo ndipo shangazi yangu anapoingia. Spika za bei ya chini haziulizi namba ya siri. Anayebisha hodi anakaribishwa. Simu nayo haisahau. Ukishaiunganisha na kitu mara moja, kila ikikiona inakikimbilia. Kaka wa chumba cha mbele aliponunua sabufa aliniomba niijaribu, nikaijaribu kwa simu yangu, nikasahau. Simu haikusahau.

Jumapili moja asubuhi nimejilaza, ukaingia ujumbe wa sauti wa shangazi kutoka Tanga. Nikabonyeza. Kimya. Nikaongeza sauti. Kimya. Nikaongeza mpaka mwisho. Ndipo nikamsikia shangazi uani, mama wa watu mwenye sauti nyembamba ya kaswida, safari hii akitoka na besi yote: "Hivi wewe bado unakaa na yule kijana wa makelele? Mwambie mziki wake sisi huku haututakii heri!" Mabati yalitetemeka. Kuku wa mama mwenye nyumba walihama upande. Mwenye sabufa alikuwa mlangoni kwake anapiga mswaki. Alisikiliza hadi neno la mwisho, akatema povu, akaniambia kwa furaha kabisa: "Lakini umeisikia besi hiyo?"

Jina la Bluetooth limetokana na Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10, anayesifiwa kwa kuwaunganisha watu wake. Aliyelipendekeza mwaka 1997 ni wazi hakuwahi kupanga nyumba ya tofali la nchi tano.

Turudi kwenye chaja, maana ndiko roho yangu iliko. Oktoba 2020 Apple walitoa iPhone 12 bila kichwa cha chaja ndani ya boksi. Walisema ni kwa ajili ya kutunza mazingira. Wenzao wakawacheka, kisha wakafuata. Kariakoo wao waliitikia amina. Pita mtaa wa Aggrey leo uone vichwa vya chaja vilivyopangwa mezani, vyote vimeandikwa mbele kwamba vinachaji fasta, wati 33, wati 65. Geuza. Volti 5, ampea 1. Wati tano, na hizo ni kama umeme umeamka vizuri. Ukimwonyesha muuzaji, anakutolea nyingine kutoka kwenye droo: "Hii sasa ndiyo orijino, bosi." Kwa hiyo ile ya kwanza ulikuwa unanipa kama nani wako?

Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilizima simu feki nchini. Iliwezekana kwa sababu kila simu ina IMEI, namba ya tarakimu 15 ambayo unaiona ukibonyeza *#06#. Ambayo namba yake si halali ilikatwa mtandao, na watu wakaamka na vioo vya kujitazamia. Chaja haina IMEI. Chaja feki hujizima yenyewe, na kwa kuwa haipendi upweke, huondoka na simu.

Halafu kuna suala la pini. Soketi zetu tumerithi kwa Waingereza, kiwango chao cha mwaka 1947: matundu matatu ya bapa. Pini ya juu, ile ya ardhi, ni ndefu kuliko zenzake makusudi. Inatangulia kuingia, inasukuma vizuizi vilivyoziba matundu mawili ya chini, ndipo nyingine zinapita. Nia ilikuwa mtoto asichomeke kitu akapigwa shoti. Waliobuni walikuwa watu waangalifu sana, walifikiria kila kitu isipokuwa shemeji yangu.

Shemeji alikuja kutoka Mwanza na chaja ya pini mbili za duara. Nikamwona anapapasa mfukoni, anatoa kifuniko cha kalamu ya Bic, anakizamisha tundu la juu mpaka kinalia "kach", na kwa mkono wa pili anasukuma pini zake ndani, ulimi nje, jicho moja limefumbwa. Chaja ikashika, ikainama, ikatoa cheche moja ya salamu. Nilikimbilia kwenye boksi langu nikamletea adapta nzuri, yenye fyuzi. Akaijaribu dakika mbili, akairudisha. "Hii inachelewesha chaji."

Shemeji alisharudi Mwanza. Kifuniko kimebaki kwenye soketi. Mama watoto siku za usafi anakifuta vumbi.

Kuhusu waya, nilikuwa na matumaini makubwa. USB-C ilitangazwa mwaka 2014, mdomo mmoja usio na juu wala chini, na kuanzia tarehe 28 Desemba 2024 Umoja wa Ulaya umezilazimisha simu mpya zote zinazouzwa kwao ziutumie. Nilidhani ugomvi wa "nani kachukua waya wangu" umekwisha. Umeongezeka. Zamani waya ulikuwa hauingii, mtu anaurudisha. Sasa kila waya unaingia kila mahali, ila ndani kila mmoja una lake: huu unapitisha chaji tu, data haujui, ule unabeba wati 60, mwingine wati 240 na bei yake unaficha risiti. Kwa macho zote ni waya mweupe. Zangu nimezifunga karatasi za gundi zenye maandishi. Juzi nimeukuta ule wa wati 240 umefungia mfuko wa mkaa. Karatasi ilikuwa bado ipo, inasomeka.

Protekta nitazisema kwa ufupi kwa sababu zinanipandisha presha. Zote zimeandikwa 9H, na wauzaji wanaitamka kwa sauti ya kiapo. Hiyo 9H ni kipimo cha ugumu kinachotumia penseli: wanakikwaruza kioo kwa penseli ngumu ya daraja la 9H, kisipochubuka kimefaulu. Simu yako ina ulinzi kamili dhidi ya mwanafunzi wa darasa la pili. Sakafu ya saruji hawakuitaja.

Sasa pawabenki. Siku yangu ya kuzaliwa mama watoto alininunulia moja, imeandikwa 50,000mAh, ina tochi na kitaa cha bluu. Inaingia kwenye kiganja. Nilishukuru vizuri tu, lakini mkono wangu ulishajua. Ndani ya vitu hivi mara nyingi mna betri za duara, na iliyo bora ya ukubwa wa kawaida hubeba kama 3,500 na uzito wake unakaribia gramu 50. Ili ufike 50,000 unahitaji betri 15 hivi, karibu gramu 700 kabla hujaweka hata kava. Hii ya kwangu ilikuwa inataka kupeperuka.

Nikaenda nayo dukani kwa Mangi. Mangi bado ana mizani ya mawe. Akaweka jiwe la robo kilo upande mmoja, pawabenki upande wa pili. Robo ikashuka kwa heshima zake. Pawabenki ikapanda juu ikabaki inaning'inia, kitaa cha bluu kinawaka. Wateja wakakusanyika. Mama mmoja wa vitumbua akauliza inauzwaje kwa kipimo. Mangi akatikisa kichwa: "Hii hata mimi kwa sukari nisingethubutu."

Habari zilifika nyumbani kabla yangu. "Siku hizi zawadi inapimwa kilo?" mama watoto aliniuliza, mgongo umenigeukia. Nikajaribu kumweleza hesabu. Akasema kijana aliyemuuzia alimhakikishia kwamba hata kwenye ndege unapanda nayo. Na hapo, kwa kweli, kijana hakudanganya. Mashirika ya ndege kwa kawaida huruhusu mpaka wati-saa 100 bila kuomba kibali. Pawabenki ya 50,000 ya kweli ni wati-saa 185, uwanjani wangeichukua. Ya kwangu, kama wangepima kilichomo badala ya kusoma maandishi, ingepita mpaka London na hakuna ambaye angeinua kichwa. Nilimwambia hivyo nikidhani namfariji. Siku hiyo nilikula chakula kimepoa.

Lakini hayo yote ni ya ndani. Lililonifikisha mbele ya umma ni LUKU, umeme wa kulipia kabla.

Nyumba yetu ina vyumba sita na mita moja. Tunachanga, mtu mmoja ananunua, anaingiza zile tarakimu 20 huku wengine wamesimama nyuma yake wanamsahihisha. Mwezi ule umeme wa elfu ishirini uliisha ndani ya wiki. Mama mwenye nyumba akaitisha kikao uani, kila mtu na kigoda chake. Hakuna aliyetajwa jina. Alisema tu kwamba yeye usiku akiamka kwenda chooni siku hizi hahitaji tochi, kwa sababu dirisha la chumba cha nyuma linatoa mwanga wa kijani, mwekundu na bluu. Vichwa sita vikanigeukia, kimoja cha mke wangu.

Ni kweli nina taa. Ekstensheni ina taa, ruta ina taa nne, kila kichwa cha chaja cha maana kina kitone chake. Nikasimama. Nilikuwa nimeisubiri siku hii miaka. Nikawaeleza kwamba vitaa hivyo, hata ukivijumlisha vyote, havifiki wati moja. Nikawaeleza kwamba simu yenye betri ya 5,000 inabeba kama wati-saa 19, na hata ukihesabu umeme unaopotea njiani kwa joto, uniti moja inaichaji simu hiyo mara 40. Kisha, kwa adabu zote, nikaitaja hita.

Dada wa chumba cha nne ana hita ya kuchemshia maji, ile ya koili unayoitumbukiza kwenye ndoo. Dar hii, na joto hili. Ndoo ya lita 20 kuipandisha nyuzi 20 tu inakula karibu nusu uniti. "Dada yangu," nikasema, "kuoga kwako mara moja ni simu yangu kuchajiwa karibu wiki tatu."

Kimya kikapita. Dada akainua uso taratibu. "Kwa hiyo nisioge?"

Kikao kilikufa pale pale. Kina mama wote wakahamia upande wake. Mzee wa chumba cha pili, ambaye tangu mwanzo alikuwa anasinzia, aliamka kusema kwamba usafi ni sehemu ya imani. Hesabu zangu niliziandika kwenye karatasi, karatasi ikazungushwa, ikarudi na mtu kafungia karanga. Ikaamuliwa chumba cha nyuma kilipe mafungu mawili kwa sababu ya taa. Hita, ilielezwa, haina taa. Na kweli haina. Inazama kwenye ndoo yake kimyakimya, haimsumbui mtu macho.

Mama watoto hakubishana na kikao. Jioni ile alikwenda kwa Mangi akarudi na tepu nyeusi ya mafundi umeme. Akakata vipande vidogovidogo kwa wembe, akavipanga ukingoni mwa meza, akaanza: ekstensheni, ruta taa zote nne, chaja, runinga, hata ile pawabenki yake nyepesi. Nilimwambia hiyo haipunguzi umeme hata chembe. Akasema anajua, nishike tepu vizuri.

Mwezi uliofuata umeme uliisha siku ileile ya wiki, kwa kiasi kilekile. Kikao kikaitwa tena. Mama mwenye nyumba alianza kwa kuwapongeza chumba cha nyuma, kwamba wamejirekebisha, kila mtu ameona, usiku ni giza totoro, na kuanzia sasa walipe fungu moja. Halafu akasema iliyobaki ni chumba cha tatu, ambako kuna runinga ina kitone chekundu. Kijana wa chumba cha tatu akajishika kifua. Dada wa hita ndiye aliyetangulia kutupigia makofi, kisha akaomba samahani atoke kidogo, maji yake yamechemka.